Goti limeumia, mtoto bado mdogo: mazoezi, upasuaji sasa, au upasuaji baadaye?

Daktari wa mifupa akishaona picha za goti lako, mara nyingi atakuuliza kama unacheza mpira au mchezo mwingine wowote. Ukijibu kwamba huchezi, ni rahisi kuwekwa kwenye kundi la watu ambao goti lao halina kazi kubwa. Jibu hilo linamponza mzazi. Anayelea mtoto wa mwaka mmoja na nusu huchuchumaa na kuinuka na mzigo mchana kutwa, hushuka ngazi bila kuona miguu yake kwa sababu kifuani kuna mtoto, na mtoto akichomoka kuelekea barabarani hugeuka kwa mguu mmoja na kutimua mbio bila kufikiri. Kugeuka huko kwa ghafla ndiko hasa kunakolijaribu goti lililochanika. Kwa hiyo ukiulizwa, mtaje mtoto: umri wake, uzito wake, na ni nani mwingine anayeweza kumbeba.

Ulinganisho huu unamhusu mzazi aliyechanika ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL, au aliyechanika meniski, vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Kwa majeraha haya mawili mara nyingi kuna nafasi ya kuchagua kati ya njia tatu: kufanya mazoezi ya tiba bila kupasuliwa, kupasuliwa mapema, au kuanza na mazoezi huku upasuaji ukipangwa kwa wakati unaokufaa.

Yapo magoti yasiyo na uchaguzi, na mwenye goti la namna hiyo asipoteze muda na makala haya. Goti lililokwama, lisilonyooka hata ukilisaidia kwa mkono, linaweza kuwa na kipande cha meniski kilichojikunja ndani na linahitaji daktari haraka. Vivyo hivyo ukilala chali ukashindwa kabisa kuinua mguu ukiwa umenyooka, au ukishindwa kutembea hatua 4 baada ya kuanguka. Goti jekundu, la moto, likiambatana na homa, ni la hospitali siku hiyohiyo. Na iwapo baada ya kuumia au kupasuliwa shavu la mguu linavimba na kuuma, au pumzi inakata ghafla, nenda usiku huohuo, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Mambo ya kupimia

Cha kwanza ni kubeba. Mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida ana kilo 9 hivi, na akifika miaka miwili ana kilo 12 hivi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyolika, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa goti kwa takriban kilo 4 katika kila hatua. Hesabu hiyo haikufanywa kwa wazazi waliobeba watoto, lakini inatosha kueleza kwa nini goti linalotembea vizuri mikono ikiwa mitupu hulalamika mara tu unapomnyanyua mwanao.

Kilo hazisemi yote, hata hivyo. Mtoto wa miezi 10 ni mwepesi, lakini kila mahali anainuliwa: kitandani, kitini, kwenye beseni la kuogea, na ukimwita anatambaa kwenda upande mwingine. Wa miaka miwili na nusu ni mzito zaidi, ila hupanda kochi mwenyewe, huweza kusimama akingoja avishwe suruali, na ukimwambia "nishike gongo langu" anaelewa. Kwa maoni yangu, kipindi kibaya kuliko vyote cha kuwa kwenye magongo ni kile kati ya mtoto kuanza kutambaa na kuanza kufuata maelekezo. Watu wengi hudhani mtoto mchanga ndiye mgumu zaidi. Mchanga angalau hukaa pale ulipomlaza.

Cha pili ni goti kuachia. Maumivu hupangwa na huvumiliwa. Goti linalolegea ghafla ukiwa kwenye ngazi na mtoto kifuani ni hatari ya watu wawili. Kabla ya kwenda kwa daktari, andika kila mara lilipoachia na ulikuwa ukifanya nini. Karatasi hiyo itamsaidia kuliko kumwambia tu kwamba "linasumbua".

Cha tatu ni mikono ya pili. "Ndugu watasaidia" si mpango. Mpango ni jina la mtu, siku atakazokuja, na saa, ikiwemo saa nane usiku.

Cha nne ni muda wa mazoezi, kwa sababu njia zote tatu zinayadai. Wapo wanaochagua upasuaji wakiamini wanakwepa miezi ya mazoezi. Hawaikwepi, wanaianza upya wakiwa na kidonda. Cha tano ni dawa, kunyonyesha na usingizi.

Njia ya kwanza: mazoezi bila upasuaji

Kubeba mtoto. Hapa hakuna siku moja ambayo unaamka huwezi kitu. Magongo hutumika siku kadhaa hadi wiki chache baada ya kuumia, kisha uwezo hurudi kidogo kidogo. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuupanga mzigo kwa hatua: kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, kisha ukiwa na begi la kilo chache, kisha mtoto. Ubaya wake ni kwamba hakuna kidonda cha kuonyesha. Nyumbani watu husahau upesi, na kabla misuli ya paja haijarudi mtoto ameshawekwa mikononi mwako.

Uthabiti wa goti. Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa watu wazima vijana 121 wenye ACL iliyochanika: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, lingine likaanza na mazoezi na kuruhusiwa kupasuliwa baadaye likihitaji. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa wameishia kupasuliwa. Nusu nyingine waliendelea bila kisu. Kwa meniski, utafiti wa Finland wa mwaka 2013 ulilinganisha upasuaji wa kukata kipande kilichochanika na upasuaji wa kuigiza, ambao meniski haikukatwa chochote, na baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa kweli hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Lakini angalia vizuri: hao walikuwa na mchaniko wa kuchakaa, umri wao ukianzia miaka 35. Kijana ambaye meniski yake imechanwa na ajali asilichukue jibu hilo kuwa lake.

Msaada, usiku na dawa. Msaada unaohitajika ni mdogo ila wa muda mrefu: mtu wa kukaa na mtoto unapokwenda kliniki na unapofanya mazoezi, kwa miezi 3 au zaidi. Parasetamoli na ibuprofeni kwa kawaida zinakubalika kwa mama anayenyonyesha, mradi huna vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au pumu inayochochewa na dawa za kundi la ibuprofeni.

Inamfaa nani. Mzazi ambaye goti lake haliachii, au limeacha kuachia baada ya wiki za mwanzo. Asiye na mtu wa kumkabidhi mtoto mchana na usiku. Na mwenye nidhamu ya kufanya zoezi lilelile la kuchosha mtoto akilala, hata kama sahani hazijaoshwa.

Njia ya pili: upasuaji mapema

Mapema si kesho. Kwa ACL, madaktari wengi hungoja uvimbe upungue na goti linyooke vizuri, kwa sababu goti linalopasuliwa likiwa limevimba na gumu huwa na hatari kubwa ya kubaki gumu. Wiki hizo za kungoja zitumie kupanga nyumba.

Kubeba mtoto. Hapa ndipo tofauti ilipo, na inategemea kitakachofanyika ndani ya goti. Meniski ikikatwa tu kipande, wengi hukanyaga mguu mapema na magongo huachwa baada ya siku chache. ACL ikitengenezwa upya bila kuguswa kitu kingine, magongo huwa ya wiki moja mbili, wakati mwingine zaidi. Meniski ikishonwa, hesabu wiki 4 hadi 6 za magongo, mara nyingi kwa masharti ya kutokunja goti kupita pembe ya nyuzi 90, na kuchuchumaa kabisa huzuiwa kwa miezi. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kukata au kushona mara nyingi hufanywa daktari akiwa ameshaingia na kamera. Unaweza kulazwa ukitarajia kutembea keshokutwa, ukaamka umeshonwa. Mzazi apange kwa muda mrefu zaidi kati ya hiyo miwili. Siku zikibaki, ni faida.

Kuna jingine ambalo karatasi ya ruhusa kutoka hospitali haielezi vya kutosha. Kano jipya linalowekwa badala ya ACL halibaki na nguvu lililowekwa nayo. Hulegea kwanza mwili unapolifanya kuwa lake, na huwa dhaifu zaidi karibu na mwezi wa pili na wa tatu. Hicho ndicho kipindi ambacho maumivu yamekwisha, magongo yamerudishwa, na mtoto amechoka kungoja. Kubeba kwa utulivu kunaweza kuwa kumeruhusiwa. Kumkimbiza kwa kukata kona bado. Kwa wanamichezo, kurudi kwenye michezo ya kugeuka ghafla huwekwa miezi 9 au zaidi, na sioni kwa nini kumfukuza mtoto wa miaka miwili kuhesabiwe kazi nyepesi zaidi.

Muulize pia daktari kano atalitoa wapi. Likitoka chini ya pia ya goti, kupiga magoti kunaweza kuuma kwa muda mrefu, hata baada ya mengine yote kupona. Likitoka nyuma ya paja, tatizo hilo hupungua. Kwa anayeishi sakafuni na vipande vya kuchezea, swali hili ni zito kuliko linavyosikika.

Uthabiti wa goti. Kwa goti ambalo limeendelea kuachia kwa muda, upasuaji una hoja yenye nguvu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliowahusu watu 316 waliokuwa wakiishi na goti lisilo imara baada ya kuchanika ACL, ulikuta kundi lililopangiwa upasuaji likiwa na hali bora baada ya miezi 18 kuliko lililopangiwa mazoezi. Nayo meniski inayoweza kushonwa ni afadhali ishonwe ikiwa bado ipo, kwa sababu ndiyo inayolilinda gegedu linalofunika ncha za mifupa kwa miaka ijayo.

Msaada, usiku na dawa. Msaada ni mkubwa ila una mwisho. Siku za kwanza unahitaji mtu wa kukuhudumia wewe na mwingine wa mtoto, au mmoja mwenye subira ya wawili. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea mara akiamka vizuri kutoka nusukaputi na kuwa na fahamu kamili. Kodeini, dawa ya maumivu, haishauriwi kwa anayenyonyesha. Mwambie daktari mapema akuandikie nyingine. Ukitumia dawa yoyote kali ya maumivu inayoleta usingizi, usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, na chupa ya dawa ifungiwe juu, si mezani karibu na kochi lako. Kama umejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, damu huganda kwa urahisi zaidi. Hilo peke yake linatosha kuuliza kama upasuaji unaweza kusogezwa. Mwenye gari aliyepasuliwa mguu wa kulia mara nyingi hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuendesha, kwa hiyo anayempeleka mtoto shuleni au kliniki apatikane kabla.

Inamfaa nani. Mzazi ambaye goti linamwachia katika shughuli za kawaida, mwenye meniski iliyochanwa na ajali na inayoweza kushonwa, na ambaye mtu mzima mwingine anaweza kuacha kazi zake kwa wiki kadhaa mfululizo.

Njia ya tatu: mazoezi sasa, upasuaji kwa tarehe yako

Kubeba mtoto. Unanunua muda. Mtoto wa miezi 9 leo atakuwa na mwaka na nusu miezi 9 ijayo: mzito zaidi, lakini labda anapanda kiti mwenyewe na kushika mkono kwenye ngazi. Unaweza pia kuulenga upasuaji kwenye likizo ya mwenzako au majira ambayo bibi yupo.

Uthabiti wa goti. Misuli ya paja iliyoimarishwa kabla ya upasuaji husaidia baada yake, kwa hiyo miezi ya kungoja haipotei. Lakini kungoja kuna sharti moja. Kila goti linapoachia, meniski na gegedu vinaweza kuchanika zaidi, na meniski iliyokuwa ya kushonwa ikageuka kuwa ya kukatwa. Kubalianeni na daktari tangu mwanzo: likiachia tena, tarehe inavutwa mbele. Bila sharti hilo, njia ya tatu hugeuka kuwa kuahirisha tu.

Msaada, usiku na dawa. Unalipa mara mbili: mazoezi kabla na mazoezi baada, na msaada wa wiki kadhaa hauepukiki, umesogezwa tu. Anayepanga mimba nyingine alitaje hilo kwenye mazungumzo, maana uzito wa ujauzito, ahueni ya uzazi na ahueni ya goti havipendi kukutana.

Inamfaa nani. Mzazi ambaye goti limetulia kiasi, ila anataka kurudi kwenye kazi au michezo ya kugeuka. Na ambaye msaada upo, lakini si mwezi huu.

Mambo ya nyumbani kwa njia yoyote

Ukiwa na magongo mawili humbebi mtoto, hata hatua tatu. Tenga vituo viwili, unapolala na unaposhinda, kila kimoja kiwe na nepi, nguo za kubadilisha, maji na simu ya kuchajiwa, na vaa kibegi cha kupitisha begani. Gongo likiwa moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima. Kupanda ngazi mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia ulioumia pamoja na gongo.

Sakafuni ndipo watu huumia tena. Usimwinue mtoto kutoka chini. Kwanza mwambie apande kochi, au msogeze hadi kwenye mto mgumu na kutoka hapo kochini. Wewe inuka kivyako: geuka uwe kwa mikono na magoti, mto laini ukiwa chini ya goti baya kama daktari amekuruhusu kulipigia goti, weka mikono kwenye kiti kisichoteleza, leta mbele unyayo wa mguu mzima, sukuma kwa mguu huo na mikono. Ukishasimama imara, mchukue mtoto kutoka kochini, kifua kwa kifua, goti limekunjwa kidogo tu. Kama hujaruhusiwa kupiga goti, usishuke sakafuni kabisa. Mchezo uhamie kitandani au mezani.

Ukikaa, mguu mbaya uwe upande wa ukuta au wa mgongo wa kochi, na mto juu yake, kwa kuwa mtoto hutua pale pale pasipotakiwa. Wa miaka miwili na kuendelea mpe kazi, kama vile kuleta nepi au kubandika stika kwenye gongo. Kumkataza kubebwa siku nzima bila kumpa chochote badala yake ni kutafuta vilio.

Kwa hali yako

Meniski imechanwa na ajali na daktari anasema inashonwa: elekea njia ya pili, hata kama mtoto ni mdogo sana, na nguvu zote ziende kwenye kutafuta wa kukaa naye wiki 6.

ACL imechanika, goti haliachii, na shughuli zako ni za nyumbani na ofisini: anza na ya kwanza, jipe miezi 3 ya mazoezi ya kweli, kisha pimwa tena. Ukipita miaka 40 na mchaniko wa meniski ni wa kuchakaa, hiyohiyo.

Umejifungua karibuni, goti linaudhi lakini halikuangushi: ya tatu. Fanya mazoezi sasa na uzungumze tarehe mtoto akishaanza kutembea imara.

Unalea peke yako na goti linaachia: hapa ndipo uchaguzi ni mgumu kweli, kwa sababu goti linataka upasuaji na nyumba haina mtu. Vaa kishikizi cha goti ulichopimiwa, anza mazoezi leo, na usishuke ngazi ukiwa umembeba. Keti na mshuke pamoja kwa makalio, ngazi moja moja, yeye akiwa nyuma yako. Wakati huo tafuta mtu mmoja wa kulala kwako wiki mbili za mwanzo na wa kupokezana naye baada ya hapo. Akipatikana, mpigie daktari mkapange tarehe. Asipopatikana, mweleze hivyo hivyo, maana ratiba ya upasuaji, muda wa kulazwa na hata aina ya kano vinaweza kurekebishwa mtu akijua kwamba nyumbani hakuna mwingine.